Chipu zinakosekana tena duniani: namna uhaba huo unavyofika hadi kwenye maduka ya Butembo na Bukavu

Tangu mwisho wa mwaka 2025, kampuni zinazotengeneza telefone, kompyuta na magari zinalalamikia tena jambo moja: chipu hazitoshi. Ni mara ya pili jambo hili linatokea katika muda wa miaka sita. Mara ya kwanza, kati ya mwaka 2020 na 2023, viwanda vikubwa vya magari vilifunga milango kwa majuma mengi kwa sababu ya kukosa vipande vya dola moja ao mbili. Safari hii chanzo ni kingine, lakini anayelipa mwishoni ni yule yule: mnunuzi wa kawaida, awe Tokyo, awe Nairobi, awe Butembo.

Kwa wakaaji wa mashariki mwa Congo habari hii ina pande mbili. Kwanza, karibu vyombo vyote vya umeme wanavyotumia vinatoka ngambo, na bei yake inapangwa mbali nao. Pili, sehemu ya madini yanayoingia ndani ya vyombo hivyo inachimbwa kwenye milima yao. Watu wengi wanajiuliza: ikiwa dunia inakosa chipu, je, si coltan yetu ndiyo inakosekana? Jibu ni hapana, na sababu ya jibu hilo inastahili kueleweka.

Chipu ni kitu gani?

Congo neno puce linajulikana sana, lakini wengi wakilisikia wanafikiria kadi ndogo ya telefone inayouzwa barabarani. Kadi hiyo ni aina moja tu. Chipu ni kipande chembamba cha silikoni, kitu kinachotokana na mchanga na mawe ya kwatzi. Juu yake huchorwa njia za umeme zisizoonekana kwa macho, zinazofungua na kufunga umeme mara mamilioni kwa sekunde moja.

Kuna chipu zinazofanya hesabu, kuna zinazohifadhi kumbukumbu, yaani memori, na kuna nyingine ambazo kazi yake ni kupima tu ao kuongoza umeme. Hizi za mwisho ni za bei ndogo, lakini ziko kila mahali: ndani ya frigo, televisheni, mashine ya kufua nguo, chaja ya telefone, taa za LED, na hata kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya sola kuwa umeme wa nyumba. Gari la kisasa peke yake linabeba chipu zaidi ya 1.000. Zinaongoza injini, breki, mifuko ya hewa, vioo, taa na redio. Ikikosekana moja tu kwenye breki, gari zima haliwezi kutoka kiwandani, hata kama mengine yote yako tayari.

Namna uhaba wa kwanza ulivyoanza

Mwezi wa tatu 2020, wakati ugonjwa wa Covid-19 ulipofunga nchi nyingi, kampuni za magari ziliona wateja wametoweka. Zikafuta komandi za chipu. Viwanda vya chipu havikukaa bure. Watu waliofungiwa nyumbani walitafuta kompyuta za kazi na za masomo, televisheni na mashine za michezo, na viwanda vikapewa kazi hiyo mara moja.

Mwisho wa mwaka 2020 wanunuzi wa magari walirudi mapema kuliko ilivyodhaniwa. Kampuni za magari zikarudi kuomba chipu zao na kukuta nafasi imekwisha kuchukuliwa. Aliyetoka kwenye mstari alirudi mwisho wa mstari. Na kwa viwanda vya chipu, magari si mteja mkubwa: sekta hiyo inanunua karibu sehemu moja tu kwa kumi ya chipu zote, tena mara nyingi zile za mtindo wa zamani zenye faida ndogo.

Kisha ajali zikafuatana. Mwezi wa pili 2021, baridi kali ilikata umeme katika jimbo la Texas, Marekani, na viwanda vya Samsung, NXP na Infineon mjini Austin vikasimama. Tarehe 19 mwezi wa tatu mwaka huo huo, moto uliunguza kiwanda cha Renesas kule Naka, Japani, moja ya viwanda vinavyolisha sekta ya magari. Wakati huo Taiwan, ambako kampuni ya TSMC inatengeneza sehemu kubwa ya chipu za dunia, ilikuwa katika ukame mbaya kuliko wote wa zaidi ya miaka 50, na viwanda vya chipu vinahitaji maji mengi na safi sana.

Kasoro hizo hazikuweza kurekebishwa haraka. Kutengeneza chipu moja, tangu mwanzo hadi mwisho, kunachukua karibu miezi mitatu na mamia ya hatua. Kujenga kiwanda kipya kunaomba miaka miwili ao zaidi, na kile cha kisasa kinapita dola bilioni 10.

Gari bila vifaa, mashine bila wino

Matokeo yalionekana haraka. Mwezi wa tisa 2021, Toyota ilipunguza utengenezaji wake duniani kwa asilimia 40. Peugeot iliamua kurudisha kwenye modeli yake ya 308 kipimo cha mwendo chenye mshale, kwa sababu kile cha skrini kilihitaji chipu zisizopatikana. General Motors iliuza magari fulani bila mfumo wa kupasha viti joto. Mwaka 2022, Toyota ilianza kuwapa wanunuzi wa Japani ufunguo mmoja wa kielektroniki badala ya viwili. Ford iliegesha magari mengi yaliyokwisha kuundwa, yakingojea kipande kimoja tu.

Ofisi ya ushauri AlixPartners ilikadiria kwamba mwaka 2021 peke yake sekta ya magari ilikosa kutengeneza magari milioni 7,7 na kupoteza mapato ya dola bilioni 210.

Vyombo vya nyumbani navyo viliguswa. Mwezi wa tatu 2021, Whirlpool, kampuni inayotengeneza frigo, mikrowevu na mashine za kufua, ilieleza kwamba mzigo uliotoka kwenye viwanda vyake vya China ulikuwa karibu asilimia 10 chini ya komandi ilizopokea. Mashine ya michezo PlayStation 5 ilikosekana madukani kwa muda mrefu.

Mfano wa Canon unaonyesha hali ilivyokuwa. Kampuni hiyo huweka chipu ndani ya vichupa vya wino vya mashine zake za kuchapa, ili mashine itambue wino wake halisi. Mwanzoni mwa 2022 ilikosa chipu hizo, ikalazimika kuuza wino bila chipu. Mashine zake zenyewe zikaanza kukataa wino huo, na Canon ikawafundisha wateja wake wa Ujerumani namna ya kupuuza onyo la mashine.

Gari jipya likikosekana, okazyo inapanda

Mashariki mwa Congo ni watu wachache wanaonunua gari jipya. Magari mengi ni yale yaliyokwisha kutumika, okazyo, mengi yakiwa Toyota kutoka Japani yenye usukani wa kuume, yanayoshushwa bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam kabla ya kupanda barabara hadi Kivu na Ituri. Mtu angeweza kufikiria kwamba shida ya magari mapya haimhusu. Kumbe inamhusu moja kwa moja.

Njia yake ni hii. Mjapani anauza gari lake la zamani siku anapopata jipya. Kama jipya linachelewa miezi sita ao mwaka, anabaki na la zamani. Magari yanayofika kwenye minada yanapungua. Wakati huo huo, wale waliokosa gari jipya wanakuja nao kununua okazyo. Wanunuzi wanaongezeka, magari yanapungua, bei inapanda. Marekani, bei ya magari yaliyotumika mwezi wa sita 2021 ilikuwa juu kwa asilimia 45 kuliko mwaka mmoja kabla. Minada ya Japani nayo ilipanda katika miaka 2021 na 2022.

Mfanya biashara wa Butembo ao Bunia anayeagiza magari mawili ao matatu hana nguvu ya kujadili bei hiyo. Anaongeza gharama ya meli, gharama ya bandari, dwane, na kodi zote za njiani, kisha anamwachia mteja. Mteja naye, kama ni dereva wa teksi, anamwachia abiria. Hivyo moto uliowaka katika kiwanda cha Naka unaweza kuongeza bei ya safari katika mji ambao hakuna mtu anayemjua Renesas.

Kuna upande mwingine ambao mafundi wa garaji wanaujua vizuri. Kompyuta ndogo ya injini ikiharibika, gari linalala. Kipimo cha mafuta ama cha joto kikifa, taa ya onyo inawaka na injini inapoteza nguvu. Zamani fundi angefungua kabiratera na kusafisha. Leo lazima kutafuta kipande cha elektroniki, mara nyingi kilichotolewa kwenye gari lingine lililokufa. Ndiyo maana magari ya zamani yasiyo na elektroniki nyingi yanaendelea kuthaminiwa sana kwenye barabara za Kivu: ni rahisi kutengeneza mbali na mji.

Nexperia: ugomvi wa siasa unaposimamisha viwanda

Mwaka 2022 na 2023 hali ilianza kutulia. Marekani ilitia sahihi sheria ya chipu mwezi wa nane 2022, na kutenga zaidi ya dola bilioni 52 kwa sekta hiyo. Umoja wa Ulaya ulipitisha yake mwaka 2023. TSMC ilifungua kiwanda Kumamoto, Japani, mwaka 2024, na inajenga vingine Arizona na Dresden. Wengi walidhani somo limeeleweka.

Lakini mwezi wa kumi 2025 ulikuja mshituko mwingine. Serikali ya Uholanzi ilitangaza kwamba imechukua mamlaka ya kusimamia kampuni ya Nexperia, yenye makao yake Nijmegen lakini inayomilikiwa na Wachina wa Wingtech, ikisema inahofia teknolojia kuhamishwa. China ikajibu kwa kuzuia chipu za Nexperia zilizomalizikia kwenye kiwanda chake cha China kutoka nje ya nchi. Nexperia haitengenezi chipu za ajabu. Inatengeneza zile ndogo za kawaida, za senti chache, zinazoongoza umeme ndani ya magari. Nyingi zinatengenezwa Ulaya, zinapelekwa China kukatwa na kufungwa, kisha zinarudi.

Katika muda wa majuma machache tu, Honda ilisimamisha kiwanda chake cha Mexico, na Volkswagen ikatoa onyo kwa wafanyakazi wake. Mwezi wa kumi na moja, Uholanzi ilisimamisha uamuzi wake na China ikalegeza kizuizi. Tukio hili lilionyesha kwamba fedha zote zilizowekwa kwenye viwanda vya kisasa havikulinda sehemu iliyo dhaifu kuliko zote: chipu za bei ndogo ambazo hakuna anayetaka kuzijengea kiwanda.

Sasa ni zamu ya memori

Uhaba wa sasa unahusu hasa chipu za memori. Dunia nzima inategemea kampuni tatu kwa sehemu kubwa ya memori za kompyuta na telefone: Samsung na SK Hynix za Korea ya Kusini, na Micron ya Marekani. Kampuni hizo zimegeuza mashine zao kuelekea wateja wapya wenye pesa nyingi: wale wanaojenga maghala makubwa ya kompyuta kwa ajili ya akili bandia. Mwezi wa kumi 2025, OpenAI ilitia sahihi mapatano ya awali na Samsung na SK Hynix ili kupata memori nyingi kwa ajili ya mradi wake unaoitwa Stargate. Mwezi wa kumi na mbili, Micron ilitangaza kwamba inaacha biashara yake ya Crucial, iliyokuwa ikiuza memori kwa watu wa kawaida.

Memori ya akili bandia inatumia nafasi kubwa zaidi kiwandani. Micron yenyewe imeeleza kwamba kutengeneza kiasi fulani cha memori hiyo kunakula nafasi ambayo ingetoa karibu mara tatu ya memori ya kawaida. Kwa hiyo kila komandi ya akili bandia inaondoa memori kwenye telefone, kompyuta, televisheni na magari.

Telefone ya bei nafuu ndiyo inaumia zaidi. Katika telefone ya dola 1.000, memori ni sehemu ndogo ya gharama, na kampuni inaweza kuvumilia. Katika telefone ya dola 80 ao 100, kama zile za Tecno, Itel ama Infinix zinazotawala soko la Afrika, faida ni nyembamba mno. Kampuni ina njia tatu tu: kupandisha bei, kupunguza memori ndani ya telefone, ao kuacha modeli hiyo kabisa.

Mashariki mwa Congo telefone si kitu cha anasa. Ndiyo benki ya mama anayepokea pesa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Umuhimu huo umeongezeka Goma na Bukavu, ambako mabenki mengi yalifunga milango miji hiyo ilipoangukia mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa 2025. Ndiyo redio, ndiyo njia ya mkimbizi kutafuta jamaa yake. Telefone ikipanda dola 15, anayesoma takwimu London haoni tofauti. Anayeuza makala Kadutu anaiona.

Je, coltan ndiyo inakosekana?

Kuna maneno yanayorudiwa mara nyingi: bila coltan ya Congo hakuna telefone. Kuna ukweli ndani yake, lakini unahitaji kupimwa. Coltan inatoa tantalamu, inayotumiwa hasa katika vipande vinavyohifadhi umeme kidogo kandokando ya chipu. Chipu yenyewe ni silikoni. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba machimbo ya Rubaya, Masisi, ambayo yamo mikononi mwa AFC/M23 tangu 2024, yanatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Ni kiasi kikubwa. Lakini telefone moja inabeba tantalamu chini ya gramu moja.

Madini ya bati, kasiterite, yana uzito zaidi katika hadithi hii. Karibu nusu ya bati ya dunia inatumika kuunganisha vipande vya elektroniki. Mwezi wa tatu 2025, kampuni ya Alphamin ilisimamisha mgodi wake wa Bisie, Walikale, wapiganaji walipokaribia. Mgodi huo unatoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia, na bei kwenye soko la London iliruka mara moja. Kazi ilianza tena mwezi wa ine. Kwa hiyo vita vya Kivu vinaweza kutikisa soko la madini.

Hata hivyo, si 2021 wala leo chipu zimekosekana kwa sababu ya madini. Kinachokosekana ni nafasi ndani ya viwanda vichache, mashine za bei ya ajabu, na mafundi waliosomea kazi hiyo kwa miaka. Hapo ndipo thamani inapoundwa. Mtu anayeshika mlango huo mwembamba ndiye anayepanga bei. Anayetoa mchanga ama jiwe anapokea kile alichoachiwa.

Congo inauza coltan yake ikiwa bado unga wa mawe, na kazi ya kusafisha hadi kupata tantalamu inafanyika nje. Lubumbashi kuna dalili ndogo ya njia nyingine: kampuni ya STL, tawi la Gécamines, inatoa germanyumu kutoka kwenye mlima wa takataka za zamani za viwanda, na mwezi wa kumi 2024 ilituma mzigo wa kwanza kwa Umicore, Ubelgiji. Germanyumu inatumika katika nyuzi za intaneti na katika elektroniki. Ni hatua ya kwanza tu, lakini ni kazi ya kiwanda, si ya sururu peke yake.

Swali hili lina uzito zaidi sasa. Tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 2025, marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame walitia sahihi mapatano Washington mbele ya Donald Trump, na siku hiyo hiyo Kinshasa na Washington zilitia sahihi ushirikiano unaohusu madini. Marekani inatafuta madini yasiyopitia China. Congo ina haki ya kuuliza: je, ndani ya ushirikiano huo kuna viwanda vya kusafisha, umeme na shule za mafundi, ao kuna malori tu yanayobadilisha njia?

Mnunuzi afanye nini?

Viwanda vipya vya memori vinavyojengwa Korea ya Kusini na Marekani havitarajiwi kutoa mzigo mkubwa kabla ya 2027. Mwaka 2026 kwa hiyo utakuwa mgumu kwa anayetafuta telefone ao kompyuta ya bei ndogo.

Aliye na telefone inayofanya kazi ana faida ya kuitunza: kubadilisha betri ao kioo ni bei ndogo kuliko kununua mpya. Anayenunua aangalie memori kwa makini, kwa sababu wakati wa uhaba modeli ya jina lile lile inaweza kutoka na memori ndogo zaidi, na bidhaa bandia zinazoonyesha memori zisizokuwa nazo huongezeka. Anayetaka gari la okazyo aulize kwanza kama vipande vyake vya elektroniki vinapatikana katika eneo lake, kabla ya kuvutiwa na skrini kubwa.

Kwa serikali, kazi ni ndefu zaidi. Uhaba wa 2021 ulipita na Congo ikabaki pale pale: muuzaji wa mawe na mnunuzi wa telefone. Uhaba wa pili umeanza, na kijana anayechimba Rubaya bado hana namna ya kujua kwa nini telefone yenye tone la coltan yake imempita bei.